Nani Alikusuka Mara ya Mwisho

Dorca, muuza dagaa wa omena mtaani Kondele, anasema aliona kwa macho yake mawili. Mwanamke wa Mamboleo alifika saluni hajalala siku nne kwa maumivu ya kichwa, akaketi kwenye kiti cha Nangila, naye Nangila, hata kitana hajashika, akaweka vidole tu na kumtajia msusi aliyemharibu, jina na mtaa anaokaa. Mwanamke akalala palepale, akakoroma, akaamka rasta zimefika mgongoni. Ukimuuliza Dorca mara ya pili, siku nne zinakuwa tisa.

Nangila alicheka chini chini, akaendelea kusuka. Jina hakulipata kwa uganga. Alikuwa ameuliza.

Ila maneno hayo ya Dorca ndiyo yaliyompandisha ngazi hadi chumba cha juu, ambako Nazneen, mwenye saluni, alikuwa akipanga mtaala wa shule ya ususi pamoja na mwalimu Sheryl: miezi mitatu ya wasusi, na mmoja zaidi wa wale watakaowafundisha wasusi. Karatasi za manila zilijaa ukuta mzima. Nangila, aliyeishia darasa la nane, alizisoma polepole. Wiki ya kwanza, kuosha. Wiki ya pili, kukausha kwa draya. Hakujua kazi yake ina wiki nyingi hivyo. Karatasi ya mwisho, karibu na dirisha, aliisoma mara mbili: mwalimu awe na cheti cha kidato cha nne. Wasichana saba wa saluni ile walijifunzia kusuka mikononi mwake.

Sheryl alikuwa ameketi saluni siku mbili akiandika kila anachofanya Nangila. Mstari mmoja ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu: huuliza mteja nani alimsuka mara ya mwisho. Pembeni ameandika, udaku.

"Huo mbona umekatwa?" Nangila aliuliza. "Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Sheryl akamjibu kwa upole kwamba shule haifundishi watu kupiga domo.

Nangila akaeleza. Kila msusi ana mkono wake. Aliyejifunza kwa kusuka wadogo zake wameketi chini katikati ya magoti, huvuta kisogo. Anayesukia sokoni amesimama, huvuta utosi. Ukimjua aliyetangulia, unajua pa kulegeza kabla mteja hajakunja uso.

"Sheryl, toa wigi," Nazneen akasema. "Leo tujue kama Dorca ni mwongo."

Sheryl akacheka, akalitoa. Safari hii Nangila hakuuliza kitu. Aliweka viganja, akangoja ngozi izoee joto lake, kisha vidole vikaanza kutembea. Vilifika juu ya sikio la kulia, vikasimama.

"Alikuwa wa mkono wa kushoto," alisema. "Alikusuka miaka mingi, yeye peke yake. Uliumia, na hukumwambia."

Chini mtu alizima draya. Sheryl akasema huyo ni mamake, aliyefariki yeye akiwa kidato cha pili, na tangu siku hiyo hajaruhusu mtu kugusa pale. Aliushika ule mkono uliokuwa kichwani mwake, akauacha hapohapo.

Baadaye aliinuka bila wigi, akabandua karatasi ya kwanza, akaandika upya: Wiki ya kwanza, mkono wa aliyetangulia. Aliuliza, Nangila akajibu, hadi karatasi tano zikajaa. Nangila akarudi nyuma atazame. Aliwahi kusimama hivyo siku moja tu, alipopelekwa Usenge kutoka kwao Bungoma, akatafuta mahali ziwa linapoishia, asipaone. Yote haya yalikuwa vidoleni mwake, na alikuwa akiyabeba kila siku kwenda kununua mboga za sukuma.

Karatasi ya dirishani, ile ya cheti, ilikuwa bado vilevile.

"Mama," alimwambia Nazneen, "hapo kwa mwalimu, andika jina langu."

Sheryl akamtazama Nazneen. Nazneen akaitazama karatasi, kalamu mkononi, kifuniko ameshakitoa. Kutoka chini mteja aliita jina la Nangila, mara moja, mara mbili. Nangila hakusogea.