Jicho la Kushoto la Tindo

Tangu enzi za ngumi za ridhaa, raundi tatu tatu na kofia ya kinga kichwani, mikono ya bondia Tindo ilifungwa bandeji na mtu mmoja tu: mdogo wake wa kike, ambaye kwa wembamba wake alimwita Sindano. Walianzia ukumbi wa shule, bandeji zenyewe shuka lililochanwa. Medali nne. Kisha Tindo akaingia ngumi za kulipwa, kofia ikavuliwa, raundi zikawa kumi, zikawa kumi na mbili, na mkanda wa ubingwa ukaja. Mara tatu alikwisha kuutetea. Leo ilikuwa ya nne.

Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka dawa ya kuchua. Tindo alikalia kiti kinyumenyume, mikono juu ya egemeo. Sindano alimaliza mkono wa kulia, akahamia wa kushoto, akamnyooshea kitanzi cha bandeji apitishe kidole gumba, kama siku zote.

Tindo akakosa. Kidole kikapita pembeni, kikachoma hewa.

"Bingwa kaanza kurusha mapema," mwalimu wake wa ngumi akacheka. "Mwachie mpinzani naye apate."

Sindano hakucheka. Wiki mbili sasa alikuwa akimwona kaka yake anageuza shingo nzima kumtazama mtu aliyekaa kushoto kwake.

"Kaka, daktari alikupimaje macho?"

"Kwa zile herufi za ukutani. Nimefaulu."

"Zile unazijua kwa kichwa tangu ridhaa. Hata mimi nazijua."

"Funga mkono, mdogo wangu. Pambano hili moja tu, basi."

"Ndivyo ulivyosema lile lililopita."

Sindano akaiviringisha bandeji ya kushoto, akaiweka mezani. Mwalimu akaichukua. "Lete nifunge mimi, tusicheleweshane." Tindo akaurudisha mkono kifuani. Hakuwahi kufungwa na mwingine, na siku ya mkanda si siku ya kujaribu.

Sindano akafungua mlango, akamwita daktari wa pambano aliyesimama koridoni na makaratasi yake. "Mpime tena, daktari. Kwa vidole, si kwa ukuta."

Daktari akamfunika Tindo jicho la kulia, akanyanyua vidole. Tindo akakodoa jicho la kushoto.

"Mdogo wangu," akasema taratibu, "ni vingapi?"

Siku zote Sindano alikuwa akimjibia: kwa mama, kwa walimu, kwa waandishi wa habari. Safari hii alipiga magoti mbele yake, akatafuta ncha ya bandeji ya mkono wa kulia, akaanza kuifungua.