Viazi vya Mama Elisabeth

Mwezi wa tatu, Kavuo alipiga simu kutoka Kindu kumwuliza mama yake kama ameshapanda. Kavuo aliuza vitenge mjini humo, karibu na soko. Mama yake, Elisabeth, alibaki peke yake mbali mashariki mwa Kongo, kwenye baridi ya milima ya Lubero.

"Nimepanda viazi mara mbili," mama akasema. "Vya kwanza mvua ya mawe ilivipiga vikichipua. Sasa asubuhi jua linachoma, saa sita ukungu unafunika mpaka huoni mukono wako. Musimu umerukwa na akili."

"Na majirani?"

"Hawajapanda. Kilima chote iko pori. Mimi tu njo niko na jembe."

Kavuo alijua maana yake. Watu wa kwao hawaachi udongo ule mweusi mvua ikishafika. Wakiuacha, wamesikia jambo.

"Mama, toka. Muhindo atakuja kukuchukua." Muhindo, kaka yake, aliendesha lori huko Butembo.

"Vita ya kwanza nilitoka, mwanangu. Niliacha shamba bila kupanda. Tuliporudi hakukuwa kitu cha kuchimba. Risasi haikumugusa mudogo wako Ange. Njaa njo ilimumaliza, hapa mugongoni mwangu. Siachi udongo mutupu tena."

Kavuo alikuwa mtoto wakati ule, lakini alikumbuka jinsi mdogo wake alivyoacha kulia, na jinsi wote walivyofurahi kwamba hatimaye amelala.

Baada ya siku hiyo simu ya mama haikupatikana tena. Kavuo alipiga kila jioni, bure. Wasafiri walisema barabara imefungwa. Mwezi wa tano, Muhindo ndiye aliyepiga.

"Nilipita kwa miguu, nimemuona mama. Iko muzima."

"Mungu asifiwe! Uko naye?"

"Amekataa kutoka. Na hata angekubali..." Muhindo akashusha sauti. "Kuna watu wa bunduki wanalala nyumba ya jirani. Wanamusalimia vizuri, wanamuchotea maji. Mbuzi hapiti shambani, wanamufukuza. Viazi vimechanua kuliko miaka yote, Kavuo. Mukubwa wao anakuja kila asubuhi. Anachimbua kimoja, anakitazama, anakifukia tena."

"Anasema nini?"

"Anasema, bado."

Kavuo alihesabu kwa vidole: viazi vilibakiza wiki chache kukomaa, na baada ya hapo watu wale hawatamhitaji mama tena. Kisha akamwita Bibiche, jirani yake wa sokoni, akampa funguo za duka bila kueleza neno, akapanda pikipiki kwenda uwanja wa ndege kuuliza ndege yoyote inayoelekea mashariki.