Mnara Usio na Kufuli

Pelagia aligeuza dagaa kwa fagio huku simu ameibana kati ya sikio na kilemba, maana mikono ilikuwa na kazi. Ndivyo wanawake wa mwalo wa Mugango, bandari ndogo ya wavuvi ziwani, wapigavyo simu. Jua la asubuhi halimngoji mtu: dagaa waliovuliwa usiku wasipotandazwa mapema hulainika, na dagaa laini hana mnunuzi ila mfuga kuku. Kwa hiyo mtu huanika, hugeuza, hufukuza ndege, na umbea wake, salamu zake na machozi yake hupita humohumo sikioni, kazi ikiendelea.

Tangu mnara mpya ulipojengwa juu ya majabali nyuma ya mwalo, dagaa wa Mugango walikuwa wanasema. Wakiwa wabichi walinyamaza. Wakiwa ndani ya gunia walinyamaza. Lakini wakiguswa na mafuta ya moto, walitoa maneno yote waliyoyanywa hewani walipokuwa wakikauka. Karai moja lilimtoa mzee akimwomba mkwewe mbegu ya muhogo; jingine lilimtoa katekista akigombana na mtu wa vinanda. Sauti zilikuwa za wenyewe kabisa, hata kikohozi. Watu wa Bunda na Musoma mjini, ambao ndio walaji, walizoea upesi. Wenye adabu waliongeza sauti ya redio wakati wa kukaanga. Wasio na adabu waliita majirani.

Dagaa walioanikwa upande wa mjini, chini ya minara ya mjini, walikaangika kimya kama dagaa wa siku zote. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mnara wa Mugango ulikuwa wa utafiti. Aliyeuleta ni Daktari Isidori, ambaye hakuwa daktari wa kutibu watu bali wa mawasiliano yasiyotumia waya, kutoka chuo kimoja cha mbali. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu safi. Utafiti wake ulihusu usalama na ufanisi wa mitandao, na kila alipokuja alizunguka na vyombo vyake akiwauliza watu kama video zinakwama. Watu walijibu kwamba hazikwami. Akashukuru, akaandika, akaondoka. Kuhusu usalama hakuuliza mtu, na watu walidhani labda hilo ni jambo la polisi.

Sasa, Pelagia alikuwa na mdogo wake, Agness, aliyeolewa Buswahili na mtu aitwaye Magige. Magige alimvunja mkono kwa mpini wa jembe, na kisa ni mchuzi uliopoa. Agness alirudi nyumbani, lakini nyumbani hapakuwa na mtu wa kumpokea, kwa sababu ng'ombe wa mahari yake walikwisha kuvuka boma zamani: kaka yao mdogo, Nyamhanga, aliwachukua akaolea mke wake. Agness akikaa, ng'ombe warudi. Ng'ombe wakirudi, mke wa Nyamhanga naye arudi kwao. Basi ukoo mzima ukagundua kwamba mkono huunga. Wazee walisema ndoa ni uvumilivu. Wakasema na mengine ambayo husemwa na watu ambao mikono yao ni mizima.

Pelagia hakubishana nao. Alimpeleka Agness Bunda kwa rafiki yake Judith, anayeuza chakula nyuma ya kiwanda cha pamba, na hakumwambia mtu. Alimpigia simu tu, asubuhi, akigeuza dagaa.

"Usitokezage mbele kwa wateja, mdogo wangu. Kaa hukohuko jikoni kwa Judith, nyuma ya kiwanda. Mkono unaendeleaje?"

"Unakunjika sasa, dada. Jana nimesonga ugali mwenyewe."

Pelagia si mjinga. Alijua dagaa wanasikia. Kwa hiyo dagaa wa siku alizoongea na Agness aliwaweka kando, akamuuzia mwenye lori la Mwanza, ili wakaseme mbele ya watu wasiomjua Agness wala Magige. Mpango huo ulifanya kazi muda mrefu, na Agness akaanza kunenepa.

Siku moja lori liliharibika Kiabakari. Fundi alikosa kipuri, mvua ikatishia, na mwenye lori akaona heri auze mzigo palepale kuliko kuoza nao. Wanawake wa Butiama walinunua kwa makopo. Mmoja wao alikuwa mama yake Magige.

Mafuta yalipochemka, sauti ya Pelagia ilitoka karaini ikasema mdogo wake akae jikoni kwa Judith, nyuma ya kiwanda. Sauti ya Agness ikajibu kwamba mkono unakunjika. Magige, aliyekuja kumtembelea mama yake, alikuwa mlangoni ananawa. Aliketi, akala ugali wake wa udaga wa muhogo mpaka ukaisha, akamsifu mama yake kwa mapishi. Kisha alikwenda kumchukua Nyamhanga, wakapanda gari pamoja mpaka Bunda.

Judith ndiye aliyempa Pelagia habari. "Wamemchukua, mwenzangu. Mume wake na huyo kaka yenu. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka, watu wananiambia eti ni mambo ya familia."

Nyamhanga! Mtu aliyebebwa mgongoni na Agness huyohuyo alipokuwa mtoto. Waliopita njia walimwona amemshika dada yake mkono, na alikuwa ameshika ule uliovunjwa, kwa sababu ndio usioweza kuvuta. Pelagia alilia siku ile kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, na dagaa walikauka bila kugeuzwa, upande mmoja mweupe, upande mwingine mweusi.

Haukupita muda mrefu Daktari Isidori akaja kufunga utafiti. Mkutano ulifanyika uwanjani kwa mwenyekiti wa kijiji, Bwana Baltazar, na kabla ya mkutano wageni waliandaliwa chakula. Mke wa mwenyekiti aliweka karai jikoni, hatua chache kutoka kwenye viti vya wageni. Pelagia alikuwa anasaidia kusonga ugali.

Dagaa walipoingia kwenye mafuta, walitoa sauti ya Daktari Isidori. Ilisikika vizuri, maana daktari huongea polepole.

"Kufuli tumelitoa kama tulivyopanga. Ndiyo, lote. Kasi imepanda vizuri mno. Hapana, hatujawaambia, tukiwaambia watabadilisha tabia na matokeo yataharibika. Hawa ni wavuvi, bwana. Wana siri gani?"

Mwenyekiti alisikia. Wageni walisikia. Daktari mwenyewe alisikia, akaomba ndimu. Mke wa mwenyekiti akampelekea ndimu, imekatwa vipande, kwenye kisosi.

Baada ya chakula Pelagia alisimama katikati ya mkutano, mikono bado ina unga.

"Daktari, shikamoo. Mimi naitwa Pelagia, naanikaga dagaa hapo chini. Tumesikia wote wakati wa kula. Hilo kufuli ni kitu gani, na mbona la mjini mmeliacha?"

Daktari alieleza bila kupandisha sauti. Alisema maneno ya simu husafiri hewani yakiwa yamefungwa, na mwenye ufunguo ni yule tu anayepigiwa. Kufunga na kufungua kunachosha mitambo. Wao walitaka kujua, kufuli likiondolewa, kasi itaongezeka kiasi gani.

"Mjini kuna mabenki na ofisi, mama. Tusingeweza."

"Na huku?"

"Huku ndiko eneo la majaribio."

"Mdogo wangu alijificha. Maneno yenu yasiyo na kufuli yamemrudisha kwa mtu aliyemvunja mkono."

"Pole sana, mama," alisema Daktari Isidori. "Nasikitika. Lakini hilo liko nje ya mipaka ya utafiti."

Pole! Katika nchi hii mtu anaweza kuvunjiwa nyumba, shamba na mfupa, akalipwa pole, na bado akatakiwa aseme asante. Pelagia hakusema asante. Alisema anataka kufuli lirudishwe leo hiihii.

Bwana Baltazar aliinuka kutuliza mambo. Alisema yeye kama mwenyekiti haoni hatari, kwani asiye na baya haogopi kusikika. Alisema pia kwamba kufuli likirudi mpira utakwama kwenye simu kama zamani, na hapo vijana wakaguna. Akaamuru watu wapige kura kwa kunyoosha mikono: anayetaka kasi ibaki, anyooshe.

Vijana walinyoosha kwa furaha. Wanaume wengi walinyoosha. Wanawake walioketi karibu na waume zao walinyoosha, kwa kuwa mwanamke asiyenyoosha angeulizwa nyumbani anaficha nini. Nyamhanga alinyoosha mkono akitazama chini. Pelagia alibaki amesimama na unga wake, na katibu akaandika kwamba wananchi wameridhia.

Utafiti ulisomwa ng'ambo na kupigiwa makofi. Kwenye ufanisi uliandika kwamba mtandao wa Mugango ni wa kasi kuliko mingi katika kanda. Kwenye usalama uliandika kwamba hakuna malalamiko rasmi yaliyopokelewa. Awamu ya pili ilipata idhini, na mnara wa namna ileile ukasimamishwa Buswahili, karibu na kwa Magige, ambako wanaanika muhogo. Muhogo nao ulianza kusema, ingawa kwa sauti ya chini zaidi, na watu wa huko wakazoea.

Magige alimnunulia Agness simu mpya. Alimwambia mke hazuiliwi kuongea na ndugu zake, ampigie dada yake wakati wowote apendapo, na majirani walimsifu kwa moyo huo. Yeye mwenyewe sasa hagusi nyama. Hula dagaa wa Mugango, huagiza gunia moja moja, na hutaka wakaangwe mbele yake.

Agness hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada.

"Sijambo kabisa, dada. Tunakula, tunalala. Mume wangu ananitunza sana."

"Namshukuru Mungu, mdogo wangu," husema Pelagia. Halafu hungoja kidogo, akisikiliza namna Agness anavyopumua, maana ndiyo habari pekee anayoipata. Kisha humsalimia shemeji yake kwa jina na kwa heshima zote, humtakia afya njema, na humwambia karibu chakula.