Ua la Buluu la Masereka

Delphin alikuwa mutu wa bureau, wa ofisini kule Butembo, na kazi yake yote ilikuwa kulinda ua moja. Ua dogo la buluu, lililoota katikati ya viazi huko Masereka, katika shamba la mama yake mwenyewe, Jokébed. Wakubwa wa shirika lililomwajiri walisema mahali pengine limekwisha kabisa. Donc, basi, wageni walikuwa njiani kuja kuliona, na wakiridhika Delphin atapata kontra mpya ya kazi. Wasiporidhika, arudi kulima. Kulima, yeye! Afadhali homa.

Akapiga simu. "Mama, bageni bakubwa banakuya. Utengeneze shamba muzuri."

Ee Mungu, mutoto huyu! Mji ulimsahaulisha watu wake. Kwa Munande, mutu wa kabila la huku, kumpokea mgeni katika shamba lenye majani ya magugu ni aibu ya ukoo muzima. Mama Jokébed akaita wamama wa kanisa, wakaja na majembe na nyimbo, wakapalilia mpaka udongo ukabaki mtupu kati ya viazi. Majani yote waliyong'oa wakayachoma.

Delphin akafika na wageni wake, akatazama, akamvuta mama yake kando.

"Mama, ua iko wapi?"

"Ua gani?"

"Ile ya buluu! Ndo ile banakuya kuona!"

"Ile majani? Mimi niliwaza banakuya kuona viazi. Si uliniambia nitengeneze?"

Wageni walikuwa wanasubiri. Delphin akaona ukingoni mwa mfereji majani fulani yaliyobaki, yale yanayonyonga viazi, ambayo kila mutu wa Masereka anayalaani. Akayaonyesha kwa kidole, bila haya.

"Ua ndo hii. Bado halijachanua."

Wageni wakapiga magoti kwenye matope. Mmoja alitoa machozi, kweli tupu, akiyashikashika kama mutoto muchanga.

Kontra ikaja haraka, na amri ya wakubwa pamoja nayo: shamba la Mama Jokébed lizungushiwe waya, lisilimwe tena, majani yale yaachwe yaenee. Delphin ndiye aliyetumwa pamoja na mafundi kufanya kazi hiyo.

Mama yake akamsikiliza mbele ya majirani, mikono kiunoni.

"Na mimi nitakula nini? Delphin, weye unajua hii ni majani gani. Baambie."

Alijua vizuri sana. Aibu ilimchoma, lakini kontra ilikuwa tayari imetiwa sahihi. Akawageukia mafundi, akawaambia waanze kuzungusha waya upande wenye viazi vingi.