Mjumbe wa Majirani

Tangu alfajiri Scholastika hakukalia kiti. Mara jikoni, mara getini, mara nyuma ya vyumba kuangalia kama maua yamelifunika lile bomba. Lodge yake ndogo hapa Karatu ilikuwa inakaguliwa siku hiyo, na mawakala wa utalii wa Arusha walishasema wazi: bila cheti cha utunzaji wa mazingira, wageni watapelekwa kwingine.

Bomba lenyewe lilimwaga maji ya kufulia mashuka korongoni, na korongoni ndiko wanakokunywa ng'ombe wa majirani. Alilijua hilo. Alijiambia atachimba shimo msimu wa wageni ukiisha, na misimu ikawa inaisha bila shimo.

Masharti ya cheti yalitaka jirani mmoja awe kwenye bodi ya lodge. Alimchagua Dorkasi, mama wa Kiiraqw wa ng'ambo ya korongo, kwa sababu moja tu: kwenye vikao hasemi. Anakunywa chai, anashukuru, anaondoka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mfanyabiashara wetu methali alikuwa ameziacha darasani. Sasa mkaguzi, Bwana Raphael, akaomba kuongea na huyohuyo Dorkasi.

"Mama, hawa watu wanawasumbua kwa lolote?"

Dorkasi aliyatazama maua.

"Hawana neno," alisema Dorkasi. "Ni majirani zetu."

Cheti kikasainiwa. Gari la mkaguzi lilipopotelea barabarani, Scholastika alimshika Dorkasi mikono yote miwili. Alitaka kulia kwa furaha.

"Mama Naftali, umeniokoa. Nikupe nini?"

"Nipe kiti kwanza." Akaketi. "Wewe umetoka Kilimanjaro, labda kwenu ni vingine. Sisi uchafu wa jirani hatumwanikii mgeni. Na kila kikao ulikuwa na mgeni, mara wakala, mara Mzungu. Nasubiri aondoke niseme, na wewe unafunga kikao."

"Na leo?"

"Leo mgeni ameondoka."

Akaelekeza kidevu getini. Majirani walikuwa wanaingia mmoja mmoja, wamevaa kama wa kanisani, na wa mbele amebeba ndoo.

"Wapikie chai, halafu tuanze," alisema Dorkasi. "Maji tumekuja nayo."

Scholastika akaipokea ndoo. Povu lilikuwa bado linaelea juu, na harufu ya sabuni yake aliitambua.