Nyumba ya Kifaransa Pale Koboko

Mwaka sabini na sita kaka yangu Ezati alinituma Koboko nikalale katika nyumba ya wageni ya mwanamume aliyetaka kumwoa binti yake, Candiru. Kwetu Pajulu, huku West Nile, kazi hiyo ni ya shangazi. Wanaume watakwenda baadaye kutazama ng'ombe. Shangazi anatangulia kutazama chungu, kitanda na choo. Nikirudi na ndiyo, wazee wa bwana harusi wanapokelewa Jumamosi. Nikirudi na hapana, mambo yamekwisha.

Mimi nimeolewa mara mbili na hakuna shangazi aliyekwenda kunitazamia. Mume wa kwanza alikuwa akipiga, wa pili alikuwa akilala. Ndiyo maana nauza unga wa muhogo sokoni Arua, na ndiyo maana nacheka sana.

Candiru tulikwenda naye. Alikuwa na miaka ishirini, na mwanamume huyo alikuwa amemwingia kichwani kama homa. Juu ya lori, katikati ya magunia, aliniambia bila kunitazama kwamba nikimkataa Albert, mimi na yeye tumeachana, hata kilioni tusikae mkeka mmoja. Nikamwambia sawa, lakini anikumbuke kwa unga.

Albert Kasereka alikuwa Mkongo wa miaka arobaini hivi, mpishi wa zamani wa Mbelgiji mmoja mwenye kahawa. Mbelgiji alipokimbia Kongo alimchukua, akampeleka Ufaransa kwa dada yake, katika nyumba ya mawe ya tangu enzi za wafalme, iliyozungukwa na mashamba ya zabibu. Matajiri walikuwa wakija kulala pale, wakinywa mvinyo na kusifu kuta. Albert alipika huko miaka miwili. Aliporudi alikodisha Koboko nyumba kuukuu iliyojengwa na Mgiriki mnunuzi wa pamba, akaandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu: SHATO KASEREKA. Alituambia shato ni jumba la wakubwa.

Alitupokea amevaa kizibao cheusi, akainama, akaubusu mkono wangu. Niliufuta mgongoni mwa gauni. Akatuzungusha. Ufa wa ukutani ulikuwa historia. Dari lililobonyea lilikuwa historia. Sebuleni harufu ilinipiga usoni, nikamwuliza kama na yenyewe ni historia.

"Hiyo iko popo, Mama," akasema, hana wasiwasi. "Ufaransa pia iko nao."

Nilianza chooni, kama ninavyoanza siku zote, na sitaandika niliyoyaona, maana kuna watu wanasoma huku wanakula. Niseme tu kwamba sakafu ilikuwa inatembea. Kitandani shuka lilikuwa na rangi ya chai iliyolala, na katikati yake umbo la mtu aliyewahi kulala pale na kutoka jasho. Nilijua hata alikuwa mfupi. Chini ya mto nikapata kucha mbili za mguu na mfupa wa kuku. Mwaka ule sabuni ilikuwa ya magendo, kila mtu anajua, lakini sisi Pajulu tulikuwa tunachemsha nguo kwa majivu na tunatoka weupe. Kunguni wa pale walikuwa wanene, wametulia, kama wenye nyumba. Kulipokucha mikono yangu ilikuwa na vipele mpaka kwapani.

Candiru naye alikuwa anajikuna, lakini alikuwa na jibu. Alisema hiyo yote ni kazi ya mwanamke, nyumba haina mwanamke, yeye akiingia atachemsha, atapiga deki, atafukuza hata popo. Alisema hivyo huku anakunja lile shuka kwa ncha za vidole, ana furaha. Nami, nisiseme uongo, nilianza kulainika. Uchafu ni kitu cha kufua. Nimewahi kuishi pabaya zaidi na mtu mbaya zaidi.

Baada ya chai Albert alituita uani tuone mvinyo. Mizabibu aliyoipanda kijijini Lurujo ililiwa na mbuzi, kwa hiyo alikuwa anatumia ndizi zilizoiva kupita kiasi na maua ya choya ya kutia wekundu. Vyote vilikuwa ndani ya pipa la dizeli lililokatwa, alilolipata kwa watu wa malori kule mpakani Oraba. Ndani ya pipa alisimama mzee mmoja kutoka Sudani, Romano, suruali imekunjwa mapajani, anakanyaga. Visigino vyake vilikuwa na nyufa, na kidole kimoja cha mguu kilifungwa kitambaa. Kila alipoinua mguu povu la kijivu lilimfuata, na inzi wakalifuata povu.

"Ufaransa wanakanyaga na miguu vile vile," Albert akasema.

"Na wanaosha?"

Alicheka. Alisema kileo inaua kila kitu.

Akachota kwenye mtungi wa pembeni, mvinyo wa pipa hilo hilo uliochujwa asubuhi ile, akajaza bilauri moja, akanipa kwa mikono miwili. Sikuipokea. Kwetu mwenye nyumba akikuletea kinywaji anaonja kwanza yeye, mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Kuna watu wamezikwa kwa kibuyu kisichoonjwa, basi hakuna anayeona haya kusubiri. Albert alikuwa amekaa West Nile miaka mitano. Alijua vizuri mikono yangu inasubiri nini.

"Ufaransa mugeni ndiye anakunywa kwanza," akasema.

"Hapa Koboko, mwanangu. Onja."

Aliitazama bilauri. Halafu uso wake ukafunguka, kama mtu aliyekumbuka mahali alipoweka ufunguo, akamgeukia Candiru.

"Candiru iko mutu wa nyumba sasa. Yeye ataonja kwa ajili yangu."

Msichana aling'aa kwa furaha. Kuitwa mtu wa nyumba, mbele ya shangazi. Aliipokea bilauri kwa goti, akanywa mafunda mawili makubwa kabla sijanyoosha mkono, akaifuta midomo, akatabasamu.

Romano alikuwa ameacha kukanyaga.

"Mama," akaniambia mimi, si Albert. "Mutoto asikunywe tena. Asubuhi nilitoa panya ndani. Ilikuwa imevimba, manyoya yote imetoka. Patron huyu hapa aliona. Alisema nichuje tu."

Candiru hakupiga kelele. Alimwuliza Albert polepole kama alijua.

"Panya moja," Albert akasema. "Pipa iko kubwa."

Candiru akainama kwenye mtungi, akaijaza bilauri mpaka juu, akamshikia Albert mbele ya mdomo kama unavyomshikia mgonjwa. Alikaa hivyo. Albert alirudi hatua moja, akakaza midomo, na kile kizibao cheusi kikagusa pipa. Sijawahi kuona mtu anakichukia kitu chake mwenyewe namna ile. Na ndicho alichokuwa amempa mchumba wake akinywe.

Candiru aliiweka bilauri chini, taratibu isimwagike. Akaenda nyuma ya ua akatapika. Nilimshika kiuno, kila kitu kikatoka, chai, mvinyo na mate meusi. Nilikuwa na utani wa kutosha kutufikisha Arua, lakini niliumeza.

Alipomaliza alisukutua mara tatu, akaingia ndani kuchukua kitambaa chake cha kichwa.

"Shangazi, wewe usiseme kitu kwa Baba," akaniambia. "Hiyo hapana nitaisema mimi."

Tukatoka kwa mlango wa mbele. Nyuma yetu Albert alikuwa anamwambia Romano aendelee kukanyaga, kuna wageni wanakuja jioni.