Mkeka wa Kumvalia Latai

Vumbi la Robinvale, huku Australia, huamka kabla ya watu, Latai. Hupita chini ya mlango bila kubisha hodi, hutua juu ya meza, hutua juu ya mkate, hutua juu ya kioo cha simu. Na mimi kila alfajiri nililifuta kwa kidole gumba nione kama umeniandikia.

Ulikuwa umeniandikia. Miaka yote ile, ulikuwa umeniandikia.

“Umeamkaje, mdogo wangu? Kwako kukoje?”

“Vumbi tu, dada. Kwako?”

“Mvua. Nguo hazikauki. Nitumie vumbi kidogo, nikutumie mvua ukaoge.”

“Nilioga jana.”

“Jana hiyo ya lini?”

Hivyo ndivyo siku yangu ilivyofunguliwa. Kabla ya mizabibu, kabla ya chai, kabla ya msimamizi kuita majina kwenye banda la kupakia zabibu, palikuwa na wewe, na kicheko kilichonipanda kooni peke yangu jikoni. Mtu aliyenichekesha alikuwa mbali nami bahari nzima, na sikuwahi kumshika mkono.

Tulikutana kwenye kile kikundi cha wapenda maua ya makopo, sisi watu wa visiwa vya Tonga tuliotapakaa ulimwenguni, tunaonyeshana majani kwenye simu kana kwamba ni watoto waliofaulu mtihani. Niliweka picha ya ua langu limejikunja, limenyauka, nikauliza limepatwa na nini. Watu wema wakaliombea. Wewe, kutoka kisiwani 'Eua, ukaandika: “Limepatwa na wewe. Punguza maji.” Nikapunguza maji. Likaishi, na sisi tukaanza.

Tukaanza, na hatukuwa na jambo kubwa la kusema. Huo ndio utamu wake, na hilo ndilo lililokuja kunitesa baadaye. Uliniambia habari za makopo yako, ya maziwa, ya mafuta, ya rangi, yaliyopangwa barazani, kila ua umelipa jina la mwanakwaya. Na yule wa sauti ya nne, ulisema, anakunywa maji kuliko wote na hachanui. Mimi nikakuambia habari za vitambaa ninavyofuma, na za Jumamosi mtoni, ninapokaa na ndoano nikingoja wale samaki wa matope.

“Huyo si samaki,” uliandika. “Hayo ni matope yenye macho.”

“Ukimkaanga vizuri humjui.”

“Humjui wewe. Mimi nitamjua, nitamwomba radhi.”

Tukapanga. Mungu anajua tulivyopanga. Siku nitakayokuja 'Eua, ulisema, hatutafanya kitu. Wengine wakipata mgeni humzungusha msituni, humpeleka kwenye majabali aone nyangumi wakipita, humchosha mpaka atamani kwao. Wewe ungenikalisha barazani, kati ya makopo, chai mezani, keki za kukaanga kwenye sahani, miguu juu ya kiti. “Tutakaa tu, Fusi. Tumefanya kazi vya kutosha. Tutakaa mpaka watu waseme.”

“Mwaka huu, dada?”

“Mwaka huu paa linavuja. Mwakani.”

Ikifika mwakani, zabibu zimechelewa kuiva na mimi ndiye siwezi. “Mwakani basi,” nikaandika. “Mwakani,” ukajibu, ukaweka ua. Neno laini lile, Latai. Halikwaruzi mdomo. Tulilisema kwa raha, kama watu wenye akiba.

Uso wako sikuwahi kuuona. Kila nilipotaka tupigiane kwa picha ulisingizia mtandao wa 'Eua, mpaka siku moja ukakiri kwamba jino la mbele limeng'oka na hutaki nilione pengo. Nikacheka mpaka nikapaliwa. Nilijua sauti yako, ile ya kukwaruza kidogo asubuhi. Nilijua mikono yako, udongo kwenye kucha, ukinishikia kopo mbele ya simu. Nilijua unavyokula, unavyokasirika, hofu yako ya ng'ombe wa jirani. Nilikupenda, Latai. Sikukuambia, kwa sababu tulikuwa tunazungumza mambo ya kawaida.

Ikaja asubuhi ya Alhamisi. Nikafuta vumbi kwenye kioo. Jina lako lilikuwepo, maneno hayakuwa yako.

“Huyu si Latai. Naitwa Pisila, binti wa kaka yake. Latai wetu amefariki jana jioni. Ni moyo. Alikuwa anamwagilia maua. Tunazika kesho.”

Kesho. Kutoka kwangu hadi kwako ni ndege, na ndege nyingine, na ile boti inayowatapisha hata mabaharia. Kwa kesho nisingefika, hata kama mtu angenibeba mgongoni.

Kwetu mfu haliliwi na macho peke yake, kiuno nacho humlilia. Tunamvalia mkeka, tunaufunga juu ya nguo nyeusi, na mkeka ndio unaosema wewe ni nani wake kabla hujafungua mdomo. Jirani, rafiki, mtu wa mbali, hufunga mkeka mdogo ulio safi. Lakini wadogo wa marehemu, wale aliowazidi kwa damu na kwa heshima, hufunga mkeka mkubwa, mkongwe, uliochanika, unaopanda hadi kifuani na kuburuta chini. Hufungua nywele, huenda nyuma ya nyumba, hupika kwenye moshi. Hao ndio wenye msiba wenyewe. Na ole wake anayejivika mkeka usio wake, maana huyo anamwibia maiti jamaa zake.

Nikafungua kasha langu. Ulikuwemo mdogo, ninaovaa kanisani. Ulikuwemo na mkubwa, uliochanika pembeni, niliomzikia mama yangu. Nikaushika huo mkubwa. Nikauinua. Moyo ulinituma kuufunga hapo hapo, na mikono ikaniuliza: wewe ni nani wake?

Ni nani wako mimi, Latai? Damu hatuna. Kijiji hatuna. Shule, kanisa, ndoa, hatuna. Wahenga wanasema undugu ni kufaana, lakini wahenga hawakusema mkeka wa kufaana una ukubwa gani. Nikaukunja mkubwa, nikaurudisha kashani. Nikafunga ule mdogo, nikachana nywele, nikaenda kazini. Njia nzima niliona nimekukana.

Bandani, Kalolaine, mwenzangu wa meza moja, aliuona mkeka kabla hajaniona mimi.

“Pole, Fusi. Umefiwa na nani?”

“Na rafiki yangu. Wa 'Eua.”

“Mlisoma wote?”

“Hapana.”

“Wa kanisani?”

“Hapana. Tulikuwa tunaandikiana.”

Akageuza kichala cha zabibu mkononi, akakata zilizooza. “Mlikuwa mnaandikiana nini?”

“Maua. Nilichopika. Jumamosi tutafanya nini.”

“Na Jumamosi mlikuwa mnafanya nini?”

“Kila mtu ya kwake,” nikasema.

Kalolaine hana roho mbaya, ana mdomo tu. “Kwa hiyo ni mtu wa simu. Mimi kwenye simu nina watu mia tatu, shoga. Wakianza kufa hao nitavaa mikeka mpaka nisahau kuvaa sketi.” Kisha, akiona sicheki: “Usinielewe vibaya. Lakini huko hawakujui, na huendi. Asiyekuwapo na lake halipo.”

Nikapanga zabibu kwenye kasha, vichala juu ya vichala, na nikaogopa kitu ambacho sikuwahi kukiogopa maishani: kwamba kesho utafukiwa, na nami nitaulizwa nililia nini, na sitakuwa na jina la kukuita. Kwamba miaka yetu yote itaonekana porojo. Umeamkaje. Kwako kukoje. Mwakani.

Siku ya pili yake, siku ya kukuzika, nilivaa mkeka ule ule mdogo. Wakati wa chai simu ikaita. Jina lako likawaka. Kwa nukta moja ya kijinga, Latai, nilifurahi.

Nikakimbilia nyuma ya banda. Ilikuwa ni simu ya picha. Pisila alishika, na mbele yake, amekaa juu ya mikeka mizuri kuliko yote nyumbani kwenu, alikuwepo mama mzee mwenye taya la mtu asiyepingwa. Nilimjua kabla sijaambiwa. Toakase, dada wa baba yako, ambaye kwetu ndiye mwenye neno la mwisho msibani, uliyemwogopa kuliko ng'ombe wa jirani.

“Ndiye huyu?” akamuuliza Pisila. “Wewe ndiye Fusi wa vumbi?”

“Ndiye mimi, mama.”

“Mwembamba. Nilidhani mnene, kwa jinsi unavyoongelea chakula.”

“Pole kwa msiba, mama.”

“Pole ya nini? Ngoja kwanza.” Akasogea karibu na simu. “Macho yangu hayaoni herufi. Kila jioni Latai alikuwa ananisomea maneno yako, nataka sitaki. Yule samaki wako wa matope nimemla mpaka nimemchoka. Mgongo wako ulipokuuma wakati wa kupogoa mizabibu, nani alinisumbua nikuombee kanisani? Nilisimama mbele ya watu wazima nikalitaja jina lako. Sura yako siijui, jina nalitaja.”

Hukuniambia, Latai. Mgongo ulipona, nikadhani ni dawa.

“Simama nikuone chini,” akasema Toakase.

Nikaiegemeza simu kwenye kasha la zabibu, nikasimama, nikarudi nyuma.

“Mkeka gani huo?”

“Ni mdogo, mama. Sikutaka kujipa nafasi isiyo yangu.”

“Uvue.”

Nikaufungua. Nikawaza, haya basi, hata huo mdogo ulikuwa mkubwa kwangu. Jamaa wameona na wamekataa, ni haki yao. Nikaukunja nikaukumbatia. Sikulia.

“Latai alikuwa anakuitaje?”

“Mdogo wangu.”

“Siku zote?”

“Siku zote, mama.”

“Sasa kwa nini unamvalia mkeka wa jirani? Wadogo zake wako nyuma huko wanamenya magimbi, nywele chini, moshi machoni. Nimewatazama, mmoja hayupo. Nimeuliza yuko wapi. Naambiwa yuko Australia, amechana nywele.”

Nikapeleka mkono kwenye nywele zangu.

“Leo mimi ndiye ninayekaa kichwani pa Latai. Nikisema mtu akae mahali, hapa hakuna wa kunijibu. Mkeka mkubwa unao?”

“Ninao. Nilimvalia mama yangu. Umechanika.”

“Ndio huohuo. Kavae, kapike.”

“Nimpikie nani, mama, huku?”

“Atakayekuja. Msiba haukosi walaji. Na hiyo mama, mama, iache. Wenzako wananiita shangazi.”

“Ndiyo, shangazi.”

“Pisila, mwonyeshe dada yake.”

Picha ikayumba, ikapita barazani, yakapita makopo, ya maziwa, ya mafuta, ya rangi, mtu ameyamwagilia. Ikaingia ndani. Nikauona uso wako, Latai, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, umezungukwa na maua, umelala vizuri, mdomo umefumba. Hata hapo ulilificha pengo. Nikakuambia pale nyuma ya banda, kwa sauti, yale ambayo sikuwahi kukuandikia.

Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda nyumbani. Nikautoa mkeka wa mama yangu, nikaufunga, ukanipanda hadi kifuani, ukashuka hadi chini ya nyayo. Nikafungua nywele. Nikachimba shimo la kuokea uani, nikawasha kuni, nikapanga mawe juu ya moto. Nilimenya muhogo niliokuwa nao, nikafunga majani ya magimbi kwa tui la nazi, na kila nilipogeuka pindo la mkeka lilichora mstari kwenye vumbi nyuma yangu. Nilikuwa nimechelewa, wenzangu wa 'Eua walianza tangu alfajiri, lakini nilikuwa jikoni kwako.

Moshi una mdomo kuliko redio. Jioni kazi ilipokwisha, Kalolaine akaingia na mfuko wa muhogo begani. Alifika hadi kwenye kona ya nyumba, akauona mkeka, akaziona nywele, akasimama. Nilijiandaa kueleza. Hakuuliza. Alishusha mfuko, akajifunga kanga yake vizuri, akachuchumaa karibu yangu, akachukua kisu.

Kisha wakaja wengine, watu wa kanisani, watu wa bandani, mmoja mmoja, wameinamisha vichwa kama inavyotakiwa. Mzee mmoja aliyekuwa hana habari akasita langoni, akauliza kwa sauti ya chini nani amefiwa hapa.

“Fusi,” Kalolaine akamjibu, bila kuinua macho kwenye muhogo. “Amefiwa na dada yake.”

Nililisikia neno hilo nikiwa nimeinama juu ya mawe ya moto, Latai, na hapo ndipo nilipolia.